Epoksi kwenye bomba: kazi huanza kabla ya kuchanganya

Ukiniuliza gundi ipi inashika bomba la chuma lililotoboka, mimi nitakuuliza umelisugua na nini. Watu husimama dukani wakilinganisha bei, Araldite hii, ile ya kampuni nyingine, huku kipande cha msasa kitakachoamua kazi yenyewe hawakinunui. Epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ndipo igande, haiyeyuki ikaungana na chuma kama kulehemu. Inashika uso tu. Uso ukiwa kutu, basi imeshika kutu, na siku kutu ikibanduka inaondoka na gundi yako.

Sisi wa pwani tunalijua hili kwa bomba za zamani zilizopakwa zinki: hewa ya chumvi inazila kwa nje, maji kwa ndani, mwisho linatokea tundu dogo kama la sindano, mara nyingi karibu na soketi, yaani kiungio cha bomba. Hapo epoksi inafaa. Funga geti valvu inayokata maji, fungua koki iliyo chini kuliko zote maji yaishe, kisha usubiri. Bomba linalotoa jasho bado halijawa tayari. Piga brashi ya waya, halafu msasa mkavu namba 80, mpaka chuma king'ae kulizunguka bomba lote, sentimita 5 hivi kila upande wa tundu. Usilainishe, mikwaruzo ndiyo inayoipa gundi pa kung'ang'ania. Futa kwa kitambaa safi chenye asetoni, acha pakauke, na kuanzia hapo usipaguse kwa kidole, maana kidole kina mafuta.

Kwenye kuchanganya ndipo ninapobishana na mafundi, hasa waliozoea kupiga pasta za bodi za magari. Kule hadina, yaani kigandishi, ni kidogo sana, na ukiongeza kidogo pasta inakauka haraka. Wanaleta mazoea hayo kwenye epoksi: "Ongeza hadina, tuna haraka." Hapana. Epoksi ina kipimo chake, zile za tyubu mbili nyingi ni nusu kwa nusu, na kila upande unahitaji mwenzake ili ugande. Hadina ikizidi, ile ya ziada haina wa kuungana naye. Inabaki humo ndani na kuifanya gundi iwe laini au yenye kunata hata kesho yake. Ukitaka ya haraka, nunua iliyotengenezwa kuwa ya haraka. Changanya mpaka rangi iwe moja, pasiwe na mistari, na ufanyie juu ya kipande cha kigae, si ndani ya kikombe. Mchanganyiko unatoa joto lake wenyewe, na ukirundikwa pamoja unaganda kabla hujafika kwenye bomba. Mchana wa Januari, ile iliyoandikwa dakika 5 usiitegemee ikupe dakika 5.

Kwa tundu la bomba napenda zaidi ile ya kukanda kwa vidole, iliyo kama udongo. Vaa glavu, kwa sababu epoksi mbichi inaweza kukuletea mzio wa ngozi usioisha. Ikandamize ndani ya tundu, itandaze, halafu uzungushe kitambaa chembamba kilicholowana epoksi ya maji maji. Kitambaa hicho ndicho kinachobeba msukumo.

Na msukumo uuhesabu. Kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban baa 1 ya msukumo, kwa hiyo bomba linaloshuka kutoka tangi lililo mita 3 juu halina nguvu ya kutisha. Linalotoka moja kwa moja mtaani au kwenye pampu ni jambo jingine. Hapo epoksi ni ya kukuvusha hadi fundi bomba aje akate kipande hicho. Bomba la maji ya moto nalo usilitie epoksi ya kawaida, inalegea kwa joto. Mambo ya gesi usiguse kabisa.

Kuna plastiki zinazoikataa. Simtank, bomba jeusi la poli, bomba za PPR: epoksi inakauka vizuri juu yake, halafu unaibandua kwa ukucha. PPR huunganishwa kwa mashine ya moto, basi. Na penye uzi wa yunioni (kiungio kinachofunguka) au koki weka tepu nyeupe au katani. Ukipaka epoksi, siku ya kubadilisha utalazimika kukata.

Kugusa gundi ukaona ngumu si kwamba imekomaa. Ya haraka iache saa kadhaa, ya kawaida ilale mpaka kesho, hata wapangaji wakinuna. Wajazie ndoo mapema. Ukirudisha maji, fungua valvu robo kwanza, koki ya mwisho ikiwa wazi ili hewa itoke, kisha ufunge koki na upitishe karatasi ya chooni kuzunguka kiraka. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Vifuniko vya tyubu usivibadilishane. Vitagandana, na hutavifungua tena.