Kabla ya kupanda asmini, uliza upepo watoka wapi

Watu wanaponiomba miche, wengi huuliza ua gani linanukia zaidi. Mimi huwauliza wao hukaa wapi jioni. Hapa Mombasa, upepo wa kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Kaskazi ya Desemba hadi Machi hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Basi mti wa harufu ukikaa upande wa mashariki wa kibaraza, utaufaidi karibu mwaka mzima. Ukikaa magharibi, umewapandia majirani. Thawabu utapata, lakini si wewe utakayenusa.

La pili ni saa. Asmini ni ua la usiku: vitumba hufunguka jua likichwa, ndiyo maana watunga makoja huvichuma alasiri. Kuuweka langoni, unapopita mchana na mfuko wa sokoni, ni kuupoteza. Mimi naupenda chini ya dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa usiku upepo hulegea na harufu haiendi mbali. Mradi pahali hapo pawe na jua la kutosha mchana. Kivulini utapata majani tu. Maua yakipungua, ukate bila huruma. Asmini huchanua kwenye matawi machanga.

Mlangilangi, la, usiukaribishe dirishani. Kwa mbali ni mtamu, kwa karibu kichwa kinauma, na tena ni mti mkubwa wenye mizizi yake. Upe pembe ya mwisho ya kiwanja, upande wa upepo, na uukate kilele mapema ili maua yafikiwe kwa mkono. Usichume ya kijani. Harufu imo katika yaliyogeuka manjano. Wala usiupange pamoja na asmini, maana yote mawili hunukia usiku na hayaachiani nafasi.

Rehani haingoji upepo, yataka kuguswa. Weka chungu chake kando ya ngazi, leso au kanzu ikipita iipanguse. Kata vichwa vya maua kila vinapotoka, ukitaka majani. Mchaichai nao ukae karibu na jiko, basi.

Mkadi una miiba, kwa hivyo uwe mbali na njia ya watoto. Mche uchukue kwenye mkadi uliokwisha kuuona ukitoa ua, kwani wa kiume ndio wenye ua la kunukia. Pasipo hilo utalea miiba miaka na miaka.

Mwaridi ndio unaolalamikiwa sana. Sehemu nyingi za kisiwani na Nyali, chini ni jiwe la matumbawe, na chokaa yake huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma: majani huwa manjano, mishipa ikabaki kijani. Mbolea ya dukani peke yake haiponyi hilo. Panda kwenye chungu kikubwa, udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza, na kama kisima chako kina chumvi, kinga maji ya mvua.

Kuhusu nyoka: watu husema huvutwa na harufu ya asmini. Nionavyo mimi, nyoka hufuata panya na vichaka. Pogoa chini, fagia majani makavu, na usiache maji yatuame kwenye visahani vya vyungu, maana huko ndiko mbu huzaliana.