Barua ya Daktari Ichukue Siku Hiyo Hiyo

Kila mtihani ukikaribia napata ujumbe wa namna moja. Mwanafunzi ananiandikia usiku wa manane, ananiambia halali, chakula hakipiti, darasani hajaingia wiki mbili na kadi ya mtihani imeshatoka. Anauliza afanye nini. Namjibu: kukicha nenda hospitali, na ukitoka huko utoke na barua yenye tarehe ya siku hiyo. Wengi hushangaa. Walidhani nitawaambia wasali, au wajikaze, au wamwambie mzazi. Kusali wasali, na mzazi wamwambie. Lakini barua waichukue. Mimi niliichelewesha wiki saba, na wiki hizo zilinila mwaka na nusu wa masomo.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma huko bara, mbali na kwetu Likoni. Kwanza usingizi ulinikimbia, kisha ukanirudia kwa kishindo nikawa nalala mchana kutwa. Ninachokikumbuka zaidi ni ndoo. Niliroweka nguo Jumapili nikasema nitazifua jioni. Ijumaa ndoo ilikuwa bado iko pale chini ya kitanda, maji yamefanya utando, chumba kizima kinanuka uvundo, na mimi nimelala hatua moja kutoka hapo nikiitazama. Sikuweza. Mwenzangu wa chumba aliibeba akaenda kunifulia, akanianikia, hakuniuliza neno. Wiki iliyofuata mitihani ikaanza. Kati ya mitano nilifanya miwili, nikapanda basi la usiku nikarudi Mombasa bila kumuaga mtu.

Mama alimwita ustadhi akanisomea. Nilinyweshwa kombe, maandishi ya zafarani yakioshwa kwenye sahani nyeupe, siku saba. Sitamruhusu mtu yeyote alicheke jambo hilo, kwa sababu usiku wa kwanza ule mkono wa mzee kichwani mwangu ndio uliofanya nilale. Tena ni yeye huyo ustadhi aliyemwambia mama, "Dada yangu, kisomo tutaendelea nacho, lakini huyu mtoto na hospitali mpeleke." Mama alisitasita, majirani watasema nini. Tulipofika kwa daktari, wiki saba zilikuwa zimeshapita tangu mtihani. Akanisikiliza, akaniambia nina sonona, yaani dipresheni, akanianzishia dawa, akaniandikia barua nzuri. Ilikuwa na tarehe ya siku ile.

Basi nikaenda nayo chuoni, mpaka dirisha la ofisi ya masomo. Karani aliisoma akauliza, "Ulikuwa mgonjwa lini?" Nikamwambia wakati wa mtihani. "Hapa pameandikwa Julai. Mtihani ulikuwa Mei." Akaipitisha barua chini ya kioo ikanirudia. Alipoona sijaondoka akaongeza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "Ingekuwa malaria tungejua." Baada ya mwezi nikaletewa mistari minne kwa baruapepe: nimekatizwa masomo kwa kutoroka mitihani. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kutoroka.

Aliyenitoa shimoni ni mjomba wangu, karani mstaafu wa mahakama. Aliisoma ile mistari minne mara mbili akaniuliza mambo mawili tu. Kabla ya uamuzi huu uliitwa ukajieleze? Hapana. Kuna mahali wamekupa sababu za kukataa barua ya daktari? Hapana. Akaniambia, "Basi kaa chini mwanangu, tuandike." Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya: kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi za utawala kwa haraka, kwa sheria na kwa haki, na uamuzi ukiwa wa kumuumiza apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya 2015 iliyotungwa kuitekeleza ibara hiyo inafafanua zaidi. Inataka upewe taarifa mapema, usikilizwe, na ujulishwe haki yako ya kukata rufaa. Ukiomba sababu ofisi ikanyamaza, uamuzi wake unachukuliwa kuwa haukuwa na sababu nzuri mpaka ofisi ithibitishe vingine.

Mjomba alinikataza kusimulia machungu yangu yote kwenye karatasi ile. Tuliandika ukurasa mmoja. Tulitaja ibara, tukaambatanisha barua ya daktari, na tukamrudia daktari kwa jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa: kumwomba aandike, kwa kadiri ya historia aliyoipokea na uchunguzi wake, ugonjwa ulianza lini. Daktari anaweza kulisema hilo kwa uaminifu bila kubadilisha tarehe ya barua. Niliitwa mbele ya kamati, nikasikilizwa, nikarudishwa nirudie mwaka. Mahakama hatukuifikia, na ni vizuri, maana sheria ile ile inataka kwanza umalize njia za rufaa zilizo ndani ya taasisi yenyewe. Ninyi mnaokimbilia kutafuta wakili siku ya pili, anzeni na rufaa ya chuo.

Kuhusu barua yenyewe, liko jambo ambalo wanafunzi hulikosea kwa aibu. Huogopa kwamba mhadhiri na karani na kiongozi wa darasa watajua wana nini, wakaona heri wafeli. Chuo hakihitaji jina la ugonjwa. Mwombe daktari aandike kwamba kwa sababu za kiafya hukuweza kufanya mtihani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, basi. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inazihesabu miongoni mwa taarifa nyeti. Mtu akikushikilia dirishani umweleze "hasa ni ugonjwa gani", una haki ya kusema maelezo hayo utayatoa kwa daktari wa chuo peke yake.

Sasa niseme la mwenzangu wa chumba, yule aliyenifulia nguo. Ameniruhusu. Mwaka 2022 yeye ndiye aliyefika mahali ambapo kuishi kulimshinda. Nilipomwambia twende hospitali alinishika mkono kwa nguvu akasema, "Nikiwaambia ukweli wataita polisi." Ningependa kusema alikosea. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 226, ilikuwa bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Fikiria binti wa miaka ishirini na mmoja, kichwa kimemjaa giza, anapiga hesabu ya polisi kabla ya kumwambia daktari ukweli. Tulikaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri. Mwishowe alikwenda, na muuguzi aliyempokea hakumwita askari yeyote. Leo yuko hai, anafundisha, ana mtoto. Lakini kila nikikumbuka saa zile naona wazi kwamba sheria ile haikuwa ikimzuia mtu asife. Ilikuwa ikimzuia asiombe msaada.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Alieleza kuwa kumfanya mgonjwa mhalifu ni ubaguzi kwa msingi wa afya, kunamvunjia utu wake, na kunamnyima haki yake ya kupata huduma bora ya afya, ile iliyo katika Ibara ya 43. Siku ile nilimpigia simu mwenzangu, tukakaa kimya kwenye laini muda mrefu. Nawaomba mlifikishe jambo hili hosteli kwa hosteli, maana nakutana bado na wanafunzi, na hata walezi wa hosteli, wasiolijua. Ukimpeleka rafiki hospitali usiku, sema ukweli wote. Kama hospitali iko mbali au hujui pa kuanzia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya kuzungumza na mshauri, 1199, na aliye chini ya miaka kumi na minane apige 116.

Tazameni pia ni nani waliopeleka kesi ile. Hakuwa mgonjwa mmoja peke yake. Ilikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na watetezi wengine. Kesi ina miaka yake, na mwili unaopona haufai kubeba mzigo huo. Ibara ya 22 inamruhusu mtu au chama kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine, na inasema ada isitozwe kwa kuifungua kesi ya namna hiyo. Kwa hiyo kama chuo chenu kina mtindo wa kuwafukuza wagonjwa, chama cha wanafunzi ndicho kiandike jina lake juu ya karatasi, na mgonjwa apewe nafasi ya kulala.

Huko Marekani wanafunzi walionyesha jinsi inavyofanyika. Chuo Kikuu cha Yale kilishtakiwa Novemba 2022 na kikundi kilichoanzishwa baada ya mwanafunzi mmoja kufariki mwaka 2021, pamoja na wanafunzi wengine. Walilalamika kwamba aliyeugua akili alisukumwa ajiondoe chuoni, kisha kurudi kukawa kama kuomba nafasi upya. Agosti 2023 walimaliza kwa makubaliano. Katika mabadiliko yaliyofuata kesi hiyo, likizo ya matibabu ikachukua nafasi ya kujiondoa, bima ikaweza kuendelea, na mgonjwa akapata njia ya kuchukua masomo machache kwa muhula. Hilo la mwisho ndilo ningelitaka zaidi kwetu. Mwaka ule wangu, ningeruhusiwa kufanya masomo mawili tu, ningeyaweza.

Kwetu ipo Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho Juni 2022, mswada uliopiganiwa kwa miaka na Seneta Sylvia Kasanga. Inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake, haki ya siri yake kutunzwa, haki ya kutobaguliwa na bima, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Ni sheria nzuri. Shida ni kwamba mwanafunzi hakai kwenye kaunti tu, anakaa chuoni, na vyuo vingi vina chumba kimoja chenye kibao cha ushauri nasaha na foleni ya wiki kadhaa. Hapo ndipo pa kusukuma.

Na njia ya kusukuma ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiuliza taasisi ya umma swali kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ijibu ndani ya siku 21. Nilikaa na wanafunzi wa chuo kimoja tukaandika maswali matatu. Washauri nasaha ni wangapi? Ada ya matibabu tunayolipa kila mwaka inagharamia dawa za magonjwa ya akili au la? Kanuni ya kuahirisha masomo kwa sababu ya afya imeandikwa wapi? Jibu la kwanza lilitosha kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja, kwa maelfu ya wanafunzi. Jibu la tatu lilikuwa kwamba kanuni haipo. Walipoingia nalo kwenye kikao na mlezi wa wanafunzi hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba wanalalamika tu. Kanuni sasa inaandikwa, na wanafunzi wawili wako kwenye kamati.

Wazazi, nanyi nawasihi: mtoto akirudi ghafla katikati ya muhula, msianze na ada. Mlisheni, mlazeni, na kesho yake mpelekeni. Kisomo na daktari vinaweza kwenda siku moja.

Ombi lenyewe halihitaji kuwa refu. Hili ndilo ninalowaandikia wanaonitafuta, na Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, kwa hiyo usione haya kuliandika hivi:

"Kwa Msajili wa Masomo. Mimi, namba ya usajili fulani, mwaka wa tatu, sijaweza kufanya mitihani ya tarehe fulani hadi fulani kwa sababu za kiafya. Nimeambatanisha barua ya daktari. Naomba kuahirishiwa mitihani hiyo bila adhabu. Ikiwa ombi hili litakataliwa, naomba kusikilizwa kabla ya uamuzi, na kupewa sababu kwa maandishi kama Ibara ya 47 ya Katiba inavyoagiza. Nakala: Mlezi wa Wanafunzi."

Kama huna nguvu ya kwenda, mpe rafiki apeleke. Chapisha mbili. Moja waichukue, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikwambia muhuri hakuna au mwenye muhuri ametoka, ipige picha uitume kwa baruapepe ya ofisi ile ile ukiwa bado umesimama dirishani.