Binti yangu huandika "Hapo zamani za kale" kisha hukwama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 9 na yuko darasa la nne. Usiku akianza kumsimulia mdogo wake visa vya Sungura na Fisi hanyamazi, lakini akipewa kazi ya kutunga hadithi huandika "Hapo zamani za kale", kisha hutafuna kalamu mpaka nakereka na kumtajia sentensi moja moja. Baba yake anataka tumnunulie kitabu cha insha za mfano akariri. Nimsaidieje abuni na kupanga hadithi yake mwenyewe?
Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtoto anayesimulia vizuri kitandani na kukwama mezani ana hadithi tele. Kinachomwelemea ni kubuni, kupanga na kuandika kwa tahajia sahihi kwa mkupuo mmoja, huku mtu mzima akimchungulia begani. Zitenganishe kazi hizo, na kubuni kuanze kwa mdomo.

Juzi nilikuwa nikichambua mchele na mjukuu wangu, akakuta kifungo cheupe ndani ya ungo. Nikamuuliza ni cha nani, akasema ni cha kuli aliyepakia magunia. Mbona hakukitafuta? Alinyamaza kitambo kirefu, nami nikajizuia nisimjibie, hatimaye akasema kuli aliogopa kuachwa na lori. Alikuwa akienda wapi na shati lisilo na kifungo? "Harusini kwa dada yake," akajibu, na tangu hapo sikuwa na haja ya kuuliza tena. Ukimya ule ndio mgumu kwetu wazazi, lakini ukiujaza wewe, hadithi inakuwa yako.

Akishapata mtu na jambo analolitaka mtu huyo, mpe karatasi aikunje mara mbili ipate vyumba vinne, achore badala ya kuandika: nani anataka nini, nini kinamzuia, anajaribu nini mambo yakazidi kuharibika, na yanaishaje. Mimi hupenda chumba cha mwisho kichorwe kabla ya cha pili na cha tatu, kwa sababu watoto wengi wasiojua wanakokwenda huishia kuandika "kumbe nilikuwa naota". Msimulizi hodari, kabla hajasema "Paukwa!" na kungoja aitikiwe "Pakawa!", huwa anajua kisa chake kinaishia wapi, ndiyo maana anaweza kukirefusha katikati kadiri anavyoona nyuso za wasikilizaji.

Kisha, kabla ya kushika daftari, amsimulie mdogo wake akitazama michoro hiyo. Hapo una bahati kubwa, kwani msikilizaji unaye nyumbani. Kila mdogo wake anapouliza "kwa nini?", binti yako atie alama kwenye chumba husika, maana hapo pana pengo la kuzibwa.

Kitabu cha insha za mfano kina faida yake kwa msamiati, ila akikikariri mapema, kila hadithi yake itaanza kwa jogoo kuwika na jua kuchomoza hata kama kisa kinatokea usiku wa manane. Asome insha hizo baada ya kutunga mbili tatu za kwake. Makosa ya tahajia yaacheni hadi kesho yake, naye awe wa kwanza kuyatafuta, akisoma kazi yake kwa sauti.