Borrow au lend?
Dada wa Kibirizi, umeuliza kwa nini mwalimu kakata alama kwenye "Can you borrow me your pen?" Tatizo linaanzia kwenye kuazima kwetu: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" ni kitenzi kilekile, kinakwenda pande zote mbili. Kiingereza kimegawa. Anayetoa ndiye "lends", anayechukua ndiye "borrows". Kwa hiyo ukimtaja anayetoa kwanza: "Can you lend me your pen?" Ukijitaja wewe: "Can I borrow your pen?" Ukichanganyikiwa, weka kukopa (borrow) na kukopesha (lend) mahali pa kuazima, hapo hukosei, maana mwenye duka hatakubali uchanganye nani anakopa na nani anakopesha. Na kama jana mwenzako alikupa? "She lent me her pen." Hakuna "lended".

Ile sentensi yako ya pili, "The train reached to Kigoma", toa "to" tu. Ukipenda "arrive", basi ni "arrived in Tabora" kwa mji, "arrived at the station" kwa stesheni. "Discuss about" nayo ondoa "about", ingawa vikaoni utaisikia mpaka uchoke, tena kwa wenye tai.