Re: Kikokotoo cha moyo kinatoa jibu jingine nikibadilisha rangi

Habari ndugu. Umesema ukijaza "Mweusi" asilimia ya hatari ya kupata ugonjwa wa moyo inakuwa hii, ukijaza "Mweupe" inakuwa ile, ilhali presha na kolesteroli ni zile zile. Hujakosea kujaza. Angalia kwanza kikokotoo ni cha mwaka gani: kile cha Marekani cha 2013 kina rangi ndani ya hesabu zake, lakini kipya cha huko huko kiitwacho PREVENT, cha 2023, kimeiondoa na kinataka kipimo cha figo. Nilikwama hapo hapo nikimjazia mama, ikabidi tufukue karatasi ya maabara tutafute kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Presha nayo irudie. Kaa kimya dakika 5, mkono umeegemezwa. Mama alipima akitoka kupanda ngazi, namba ikatutisha bure!

Kuhusu kaka yako anayependa wanaume wenzake, vikokotoo vyote viwili haviulizi hilo. Mimi ningemuuliza habari za sigara, usingizi, na kama anakwepa kliniki kwa kuogopa kudharauliwa, maana presha isiyopimwa hakuna kikokotoo kitakachoiona.

Mimi si daktari, kwa hiyo suala la dawa mpelekee wako pamoja na hizo namba.