Kabla ya kuiamini grafu yako, punguza leza

Miezi mitatu baada ya kuanza uzamivu niliingia kwenye kikao cha maabara na grafu safi mno. Mkunjo ulishuka kwa kasi ndani ya pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), nami nikatangaza kwamba huo ndio umri wa eksitoni katika tabaka moja la WS2, kristali ya tungsteni na salfa. Mwenzangu akaniuliza tu: "Ulipopunguza leza, ulionaje?" Sikuwa nimepunguza. Nikainamia daftari.

Kwa asiye wa fani: kristali hii hubanduliwa kwa selotepu, mbinu ileile ya wanafizikia Geim na Novoselov walipopata grafini, tabaka moja la atomi za kaboni, kule Manchester mwaka 2004, mpaka libaki ganda lisilofika nanomita 1 kwa unene. Mwanga ukilipiga, elektroni huruka na kuacha tundu, kisha viwili hivyo hushikana. Hiyo ndiyo eksitoni. Katika ganda jembamba hivyo hushikana kweli kweli. Hata joto la chumba haliwatenganishi. Kuzipima tunatumia mipigo miwili ya leza: wa kwanza unaziumba, wa pili, dhaifu, unakuja kuona zimebaki ngapi. Kuuchelewesha huo wa pili tunatumia vioo vilivyopandishwa kwenye reli: ukivisogeza milimita 0.15 umepata pikosekunde 1, kwa kuwa mwanga huenda na kurudi.

Mimi nilikuwa nimefungulia leza kwa pupa, nikitaka ishara kubwa. Eksitoni zikirundikana hivyo hukutana na kuuana: moja hupotea na kumtupia mwenzake nishati yote. Nilichopima ulikuwa msongamano, si umri.

Kwa hiyo pima, kata nguvu nusu, pima tena, kata tena. Kisha kuza mikunjo yote ifikie kimo kimoja na uilaze mmoja juu ya mwingine. Ikiwa bado inaachana, endelea kushuka. Utachukia, maana huko chini ishara inazama kwenye kelele na kipimo cha dakika kumi kinakula usiku mzima. Beba chai, ila iache nje ya mlango.

Reli nayo ina hila zake. Ganda langu lilikuwa na upana wa maikromita 15 hivi. Miale ikipinda kidogo tu vioo vinapotembea, doa la mwanga linateleza na ishara inashuka taratibu, utadhani eksitoni zinakufa. Siku hizi siwashi kipimo kabla ya kuipeleka reli mwanzo hadi mwisho huku nikilitazama doa kwenye kamera. Likihama, narudi kwenye skrubu za vioo, hata kama ni saa tano usiku.

Na nguvu ya leza ipime pale sampuli inapokaa, si mdomoni mwa leza. Lenzi na vioo vya njiani vinakula sehemu yake. Andika na upana wa doa siku hiyohiyo. Mimi sikuuandika, ikabidi vipimo vya wiki mbili nivirudie.