Usiung'oe mmea ule mwambani

Usiung'oe. Umeniandikia kwamba unataka kuutoa msituni ukaupande nyumbani, na umeuliza jina lake, mbolea yake na kama utastahimili joto la Dar es Salaam, lakini kabla ya hayo yote liache jembe nyumbani, kwa sababu kimmea ulichokieleza, kilichojibana kwenye ufa wa mwamba msituni upande wa Amani, huko milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ndicho nilichokiua mimi miaka sita iliyopita, tena si kimoja bali kumi na vinne.

Kukitambua si kazi. Majani yake hutoka kitovuni na kujipanga duara, yana vinyweleo laini, na ua lina petali tano, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na katikati vifuko viwili vya manjano vya chavua. Hilo ni ua la Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, ndiye aliyelifikisha Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha, ingawa siku hizi wataalamu wameliingiza katika jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu kiukoo, iitwayo Streptocarpus. Maua ya aina hii yanayopamba madirisha ya Ulaya na Marekani asili yake ni huku kwetu.

Mimi nilimwamini muuza miche mmoja wa kando ya barabara, aliyeniambia kwa uhakika wote kwamba mmea wa porini ni mgumu, kwamba niung'oe na mizizi yake yote, niufukie hadi shingoni katika udongo mzito uliochanganywa na samadi, kisha niumwagilie asubuhi na jioni. Nilifuata kila neno. Wiki ya pili majani ya ndani yalilainika, wiki ya tatu kitovu kikawa uji mweusi, na nilipomrudia aliniuzia dawa ya ukungu badala ya kukiri kwamba hajawahi kuotesha hata mche mmoja wa aina hiyo. Bado ninamkasirikia, kwa kuwa angesema tu kwamba hajui, mimea ile ingekuwa hai.

Kilichoiua ni hiki: mizizi yake ni mifupi na myembamba, nayo imezoea tabaka jembamba la majani yaliyooza juu ya jiwe, mahali ambapo maji hupita na kuondoka. Ukiizika katika udongo mzito unaotuama maji, inakosa hewa na kuoza, na maji yakikaa kitovuni mmea hauponi. Lakini hasara yangu kubwa haikuwa makopo yale kumi na manne. Mwaka uliofuata nilipita tena pale mwambani nikakuta jiwe tupu lenye kuvu tu. Baadhi ya jamii za ua hili zinajulikana kutoka sehemu chache mno, kwa hiyo mtu mmoja mwenye panga na mfuko anaweza kufuta kundi zima kwa asubuhi moja. Tena Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa kisheria.

Anza na jani moja, tena la mmea uliokwisha kuoteshwa nyumbani kwa mtu. Chagua jani lililokomaa lakini si kuukuu, likate likiwa na kikonyo cha sentimita 2 au 3, kisha kichomeke kikonyo hicho kwa mshazari katika kopo dogo lenye matundu chini, lililojazwa mboji nyepesi iliyochanganywa na mchanga. Liweke penye mwanga usio wa jua kali, na maji uyaweke kwenye kisahani chini ya kopo, yanyonywe kwa muda mfupi, kisha mwaga yaliyobaki. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha mabaka. Mizizi huchukua kama mwezi mmoja, na vichipukizi hujitokeza chini ya jani baada ya miezi miwili au mitatu. Jani likionekana limesinzia tu, usilifukue kuangalia kama limeshika. Nililifukua la kwanza mara mbili, likafa.

Dirishani kwangu sasa ipo mimea tisa, yote kutoka jani moja nililopewa na jirani. Ukipita Muheza kabla ya kwenda tena msituni, niandikie, nitakukatia jani.